Namba za Motokaa Katika Nchi ya Ufipa

Motokaa ipitapo katika vijiji vyetu vya Ufipa, watu huitazama kwa namna mbalimbali. Watoto hutazama magurudumu. Vijana humtazama dereva. Wazee hutazama mzigo, wapate kujua ni mahindi ya nani yanayokwenda na yamenunuliwa kwa bei gani. Ni wachache wanaokitazama kile kibao chenye herufi na tarakimu kilichofungwa mbele na nyuma. Nasi twaona kwamba kibao hicho chastahili kutazamwa kwanza kuliko vyote, maana ndicho kinachoonyesha gari ni la nani, na nani atakayejibu likitenda ubaya. Tena kina historia yake, na historia hiyo imepita katika nchi yetu ya juu, toka Kasanga hata Laela, toka Namanyere hata kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia wasomaji habari zake.

Asili ya jambo hili si kwetu. Lilianza Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1893. Magari ya mashine yalikuwa bado machache sana, lakini yalikwisha kuanza kuwatisha farasi na kuwaangusha watu njiani, na dereva akiisha kumwangusha mtu aliweza kwenda zake asijulikane. Basi tarehe 14 Agosti mwaka ule mkuu wa polisi wa Paris akatoa amri kwamba kila gari la namna hiyo lichukue bati lenye jina la mwenyewe, mahali anapokaa, na namba aliyopewa. Angalieni, wasomaji, kwamba bati lile la kwanza lilisema mambo matatu. Baadaye jina likaondolewa, na makao yakaondolewa. Ikabaki namba, na yale mawili yakahifadhiwa katika daftari la serikali. Tangu siku ile hata leo swali ni lilo hilo moja: kibao kiseme kiasi gani mbele ya watu wote, na kiasi gani kikae katika daftari asilolisoma kila mtu?

Waingereza walifuata kwa sheria yao ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika siku ya kwanza ya Januari 1904. Wao walichagua kutangaza mahali. Kila jimbo lilipewa herufi yake kwa kadiri ya wingi wa watu wake: London ikapata A, Lancashire ikapata B, wakaendelea hivyo hata kufika Y, iliyokuwa ya Somerset, na majimbo madogo zaidi yakapata herufi mbili. Yasemekana kwamba mheshimiwa mmoja, Earl Russell, alikesha usiku kucha mlangoni pa ofisi ili apate A 1. Kumbe tamaa ya kuwa wa kwanza haikuanza kwetu. Kwa desturi hii ya Waingereza, mtu aliyeona kibao aliweza kujua gari limetoka jimbo gani hata kama hajui mwenyewe ni nani. Desturi hiyo ndiyo waliyoichukua baadaye katika nchi walizozitawala.

Wakati huo Ufipa haikuwa na gari hata moja. Kila kitu kilikwenda kichwani na mabegani. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari. Tanuru zao za udongo ziitwazo malungu zilisimama kupita kimo cha mtu, na mabaki yake yaonekana hata leo mashambani. Majembe yao yalichukuliwa mbali kwenda kubadilishwa kwa vitu vingine. Mzigo wa majembe haukuhitaji namba, kwa kuwa mchukuzi alijulikana ukoo wake na kijiji chake, na mtu akidhulumu, nyumba yake ilijulikana pia. Watu wasiojuana ndio wanaohitaji kuandikana.

Serikali ya Wajerumani iliweka boma Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ikaliita Bismarckburg. Mapadre wa White Fathers walikwisha kufika Karema tangu 1885, na misheni zao zikaenea kandokando ya ziwa na kupanda juu Ufipa. Boma na misheni zote mbili zilitegemea mabega ya watu. Habari za motokaa zilisikika kwanza kwa ajili ya askari mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliyekusudia kulivuka bara la Afrika kwa gari. Alitoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, penye bahari ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Ni karibu miaka miwili! Mpagazi mwenye afya angaliweza kumtangulia, akapumzika, akampokea kwa maji ya kunywa.

Kisha ikaja vita ya 1914. Mwaka 1916 Waingereza waliishika Kasanga, na nchi yetu ikawa njia ya majeshi. Upande wa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala katika Zambia, wachukuzi wa vita waliitwa tengatenga. Katika jeshi la wachukuzi la Waingereza la Afrika Mashariki, kila mtu aliandikwa kwa namba, akapewa kibati cha kuvaa chenye namba hiyo. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni jina la Kiingereza la jeshi lile lililogeuzwa na ulimi wa Kiswahili. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Vita ikaishia karibu nasi, maana Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini pale pale Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918. Twaliandika jambo hili kwa kusudi. Kwa watu wengi wa nchi hizi, namba ya kwanza ya bati waliyoiona haikuwa nyuma ya motokaa. Ilikuwa mwilini mwa mtu.

Wala haikuwa ya mwisho. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali kwa mkataba waliandikwa kwa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwatafuta watu hao, iliyoitwa SILABU, na watu wakachukuliwa kwa malori na kwa treni. Wazee waliotoka kwenye mkonge walilitaja neno manamba kwa uchungu, na si ajabu. Mkristo abatizwapo hupewa jina. Akiitwa kwa tarakimu huona kwamba amepunguziwa kitu. Lakini tarakimu ile ile iwekwapo juu ya lori huwa na kazi nyingine kabisa. Namba ya mtu humsaidia bwana kumpata mtumishi wake. Namba ya lori yaweza kumsaidia mtumishi kumpata bwana. Tofauti hii ndiyo iliyotufanya tutake kuandika.

Turudi kwenye motokaa. Katika Tanganyika ya Waingereza magari yaliandikishwa kwa mahali, kama ilivyokuwa Uingereza. Herufi za kwanza zilitaja mji. Gari la Dar es Salaam lilianza na DS. Kwa desturi ya siku zile maandishi yalikuwa meupe juu ya bati jeusi, na bati lenyewe halikuwa kazi ya kiwanda kimoja kama leo. Mafundi wa rangi waliandika kwa mkono, na mkono wa kila mmoja ulijulikana: huyu 3 yake ina tumbo, huyu 7 yake ina mkato katikati. Mtu aliyejua kusoma herufi chache tu aliweza kusimama mlangoni pa duka akasema, lori hili limetoka mji fulani. Katika nchi kama Ufipa, iliyo mbali na reli na mbali na bahari, maarifa hayo hayakuwa mchezo. Yalimwambia mkulima soko liko upande gani, na mwenye ndugu yake safarini yalimwambia barua ampe dereva yupi.

Mwaka 1938 ikaongezwa alama nyingine kwa magari yavukayo mipaka. Tanganyika ikapewa herufi EAT, yaani Afrika Mashariki, Tanganyika. Kenya ikapewa EAK, na Uganda EAU. Herufi hizo huandikwa katika kibao cheupe chenye umbo la yai, mbali na namba yenyewe. Kwa mtu wa Dodoma labda ni jambo dogo, lakini sisi twakaa mpakani. Kutoka Matai hata Kasesya si mbali, na ng'ambo ya pili ndiko Mbala. Zamani ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, na gari la kwetu likivuka lilikuwa mgeni. Hata leo magari ya Zambia huja kwetu na namba zao za herufi tatu na tarakimu, na yale ya serikali yao yana herufi GRZ, maana yake Serikali ya Jamhuri ya Zambia. Mwaka 1949 lilianzishwa shirika la kupigana na nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, kwa sababu bonde la Rukwa ni mojawapo ya mahali wazaliwapo nzige hao. Hivyo shughuli za ng'ambo zikashuka hata bondeni kwetu, na mpaka uliochorwa na wafalme wa Ulaya haukumzuia nzige wala aliyemfuata.

Kuna jambo moja la kupendeza katika historia ya EAT. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 26 Aprili 1964 ikaungana na Zanzibar, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule nchi ikaitwa Tanzania. Noti, stempu, na vichwa vya barua vilihitaji kubadilishwa, lakini kile kibao cha umbo la yai hakikuhitaji hata tone la rangi. T ilikuwa ya Tanganyika ikawa ya Tanzania, pasipo mtu kupanda ngazi. Zanzibar nayo ilipewa EAZ, na mpaka leo magari yaliyoandikishwa visiwani huanza na Z.

Desturi ya kuandika mji juu ya kibao haikudumu. Kenya waliiacha mapema. Tangu 1950 magari yao yote yakaanza na K, yawe ya Mombasa au ya Kisumu. Na kwetu pia mji ukaondoka, herufi zikawa za nchi nzima. Wako wasemao kwamba hasara ilikuwa kubwa, nasi kwa sehemu twakubali, lakini haki itendeke. Mkoa wetu wa Rukwa ulianzishwa 1974 kwa kuunganisha sehemu ya Mkoa wa Mbeya na sehemu ya Mkoa wa Tabora. Mwaka 2012 sehemu ya Mpanda ikatengwa, ukawa Mkoa wa Katavi. Kama kibao kingefuata mkoa, gari moja lililokaa Mpanda lingepakwa rangi upya mara mbili, na mwenyewe hajahama nyumba yake. Mipaka ya utawala hugeuka upesi kuliko chuma kinavyooza.

Mahali pa mji pakachukuliwa na jambo lingine, yaani mwenyewe. Hapa ndipo habari inapokuwa nene, na kila msomaji wa Ufipa anazo herufi hizi machoni pake. Gari lenye ST na herufi inayofuata ni la Serikali ya Tanzania. SU ni Shirika la Umma. SM ni Serikali za Mitaa, ndizo halmashauri zetu. PT ni Polisi Tanzania. JW ni la jeshi la wananchi. Gari la Rais peke yake halina namba; mahali pake pana nembo ya Taifa. Hivyo mtu aliyekuwa akisoma kibao apate kujua gari limetoka wapi, alijifunza kukisoma apate kujua limetumwa na nani. Mwanakijiji aonapo SM huuliza kama ni afisa kilimo au ni mtoza ushuru. Aonapo PT humwita mwenye pombe ya kienyeji akafunike mtungi.

Kugawanya magari kwa herufi kulikuwa na faida siku za shida. Bei ya mafuta ilipopanda ulimwenguni tangu 1973, serikali ilikataza magari ya watu binafsi yasitembee Jumapili kuanzia mchana, isipokuwa kwa kibali. Polisi aliyesimama njiani hakuwa na haja ya kumwuliza kila dereva habari za ukoo wake, kibao kilimjibu. Mwaka 1973 huo ndio pia uliotungwa Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo kwayo gari lisiloandikishwa na lisilo na namba ya kuonekana haliruhusiwi kutembea.

Herufi tatu nyingine twalazimika kuzieleza zaidi, kwa kuwa ziligusa maisha yetu kuliko zote. Ni DFP, nazo ni za magari ya miradi inayogharimiwa na wafadhili. Mwezi wa Februari 1908 hapakuwa na barabara Ufipa ila vijia. Mwezi wa Februari 2008, miaka mia kamili baadaye, Tanzania na Marekani zilitia sahihi mapatano ya msaada wa dola milioni 698, na ndani yake ikawamo barabara ya Tunduma hata Sumbawanga, kilometa zipatazo 224. Waliosafiri zamani katika njia ile wakati wa masika hawahitaji kusimuliwa. Lori lilizama hata mhimili, watu wakakata matawi, wakalala porini siku mbili, tatu, na mahindi yakaanza kuota ndani ya magunia. Ilipowekwa lami, bei ya gunia pale Laela haikuwa tena mateka ya matope. Katika miaka ile ya kazi, watoto wengi wa shule walijifunza herufi D, F, na P kwa magari kabla ya kuzijua kwa kitabu.

Mwanzoni mwa karne hii ya 21 ukaja utaratibu utumikao sasa. Kila gari la kawaida la Tanzania Bara lina herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Uandikishaji uko mikononi mwa Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996. Herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho ilianza A, ikapita B, C, na D, na sasa imekwisha kufika E. Kundi moja la herufi haliwezi kuchukua zaidi ya magari 999, kisha herufi ya mwisho husogea. Kwa hiyo mwenye kujua utaratibu huu huweza kukisia gari limeingia nchini zamani au juzi. Vijana wa Sumbawanga wanajua mno jambo hili. Mtu akinunua gari kuukuu na kulipaka rangi likang'aa, wao hutazama herufi, wakacheka.

Rangi nayo imepewa kusema. Kibao cha njano ni cha gari la mtu binafsi. Kibao cheupe ni cha gari la biashara, kama basi, teksi, na lori la kukodishwa. Abiria asimamaye stendi akipakiwa katika gari lenye kibao cha njano na kudaiwa nauli, na ajue kwamba gari hilo halikuandikishwa kwa kazi hiyo. Jambo hilo ni zito kuliko watu wanavyodhani, kwa ajili ya bima. Sheria ya nchi yadai kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu mwingine atakayeumizwa nalo, na bima hutolewa kwa kufuata matumizi yaliyoandikwa. Aliyevunjika mguu ndani ya gari lililoandikwa kwa matumizi mengine huweza kujikuta akibishana na kampuni huku amelala kitandani.

Hapa tutasimulia mambo mawili tuliyoyasikia vijijini, pasipo kutaja majina. Katika kijiji kimoja alikuja mnunuzi na lori, akapakia mahindi ya jamaa saba, akawapa nusu ya fedha, akaahidi kurudi wiki ijayo. Hakurudi. Walipokwenda kushitaki waliulizwa namba ya gari. Hawakuijua. Walichokumbuka wote saba, kwa umoja, ni maneno makubwa ya rangi nyekundu yaliyoandikwa juu ya kichwa cha lori, yaani Mungu Mkubwa. Msomaji ajua ni malori mangapi kati ya Tunduma na Mpanda yanayomtukuza Mungu kwa maneno hayo hayo. Hata mlangoni, palipokuwa pameandikwa jina la mwenyewe na sanduku lake la posta pamoja na uzito wa gari, hakuna aliyepasoma, ingawa watatu kati yao walimaliza darasa la saba.

Katika kijiji cha pili ilikuwa karibu iwe vivyo hivyo. Lakini pale alikuwapo binti wa mmoja wao, mwanafunzi wa darasa la nne, aliyekuwa amekaa juu ya magunia akifanya hesabu za nyumbani. Kwa mchezo tu aliandika namba ya lori nyuma ya daftari lake, akajumlisha tarakimu zake tatu. Miezi miwili baadaye baba yake alipokuwa akilia hasara, mtoto akaleta daftari. Mwenye lori akapatikana katika mkoa mwingine. Kumbe hata hakujua kwamba dereva wake hununua mahindi kwa njia hiyo, akalipa kwa haya. Ile jumla ilikuwa imekosewa, mwalimu wake ametia alama nyekundu. Lakini namba yenyewe ilikuwa sahihi.

Tangu kusikia habari hiyo, sisi walimu kadhaa tumeweka zoezi la namba katika masomo ya kusoma. Watoto huketi mbali na barabara, na gari likipita kila mmoja huandika alichokiona: rangi ya kibao, herufi, tarakimu, na saa. Kisha tunalinganisha. Mwanzoni kati ya watoto thelathini wanaolingana huwa wanne au watano. Hukosea zaidi katika B na 8, na katika S na 5. Baada ya majuma machache wengi huwa hodari, nao huwafundisha wazazi wao. Mzazi mmoja alituuliza kama tunawafundisha upelelezi. Tulimjibu kwamba twawafundisha kusoma, na kwamba kibao kimewekwa nje ya gari, wala si ndani, kwa sababu sheria inataka kisomwe.

Tuseme pia habari za ziwa, kwa kuwa wasomaji wa Kala na Kirando watatuuliza. Meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikainuliwa 1924, ikaanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Miaka mingi ilipotia nanga Kasanga, hakuna aliyeuliza namba yake. Meli ikiwa moja ziwa zima, jina latosha. Magari nayo, yalipokuwa mawili matatu juu Ufipa, yalijulikana kwa mngurumo tu kabla hayajatokea kilimani.

Leo mambo yamegeuka kinyume. Kinachoonekana zaidi kwetu si motokaa wala lori, ni pikipiki. Bodaboda hufika Muze na Ilemba bondeni, hufika penye mashamba ambako hata baiskeli ilisukumwa. Hubeba mgonjwa, hubeba mbolea, hubeba magunia mawili na mwenye magunia juu yake. Pikipiki zimepewa herufi zake, MC, zikifuatwa na tarakimu tatu na herufi tatu. Lakini kibao chake ni kidogo, tena kiko nyuma tu, chini ya taa, na mzigo ukiisha kufungwa hakionekani. Wako waendeshaji wanaokikunja kidogo kwa mkono, wakasema kimekunjwa na mawe ya njiani. Na ajali nyingi zinazowapata watu wa vijiji vyetu siku hizi ni za pikipiki, usiku, na aliyegongwa hulala chini akiisikia ikienda zake.

Kwa hiyo mtu ampelekaye mgonjwa wake hospitali kwa bodaboda, au ampaye kijana asiyemjua magunia yake ayapeleke mnadani, na apite nyuma ya pikipiki kabla kamba hazijafungwa, aisome: MC, tarakimu tatu, herufi tatu. Asiyeweza kusoma amwite mtoto. Kalamu ikikosekana, mkaa waandika vizuri juu ya mlango.